Kanisa la Escomb, Uingereza: zunguka nje kabla ya kuingia (uzoefu wangu)

Anayetaka kujua makanisa ya vijiji vya Uingereza yalianzaje, mimi humwelekeza Escomb, mkoa wa Durham, kabla ya yale makubwa yenye minara. Escomb haina mnara. Ni kanisa jembamba lililokaa katikati ya uwanja wa makaburi unaokaribia duara, na nyumba za kijiji zimelizunguka. Ukumbi wa waumini una urefu wa mita 13 na ushei na upana usiotimia mita 4 na nusu, lakini kuta zake zinapanda hadi kama mita 7. Lilijengwa kati ya miaka ya 670 na 690 hivi, na hadi leo ni kanisa la parokia linalosaliwa.

Wageni wengi huharibu ziara yao kwa kukimbilia mlangoni. Naelewa, baridi ya kule si ya mchezo, lakini historia ya kanisa hili imeandikwa ukutani kwa nje. Mawe yake mengi hayakuchongwa na waashi waliolijenga. Yalitolewa kwenye magofu ya ngome ya Warumi ya Binchester, kilomita chache tu kutoka hapo. Kwa hiyo jiwe ni la Warumi, ujenzi ni wa Waanglo-Saksoni (watu waliotawala huko baada ya Warumi kuondoka), na kazi yako ni kutenganisha hivyo viwili.

Anzia ukuta wa kaskazini. Upande huo haupigwi na jua karibu mwaka mzima, kwa hiyo alama za patasi hazionekani ukitazama kwa haraka. Chukua tochi, iegemeze karibu na ukuta na umulike kwa ubavu, usimulike usoni mwa jiwe. Mistari iliyokatizana kama nyavu itajitokeza yenyewe. Huo ni uchongaji wa Kirumi. Kisha tafuta jiwe lenye herufi LEG VI, kifupi cha Legioni ya 6, kikosi cha Kirumi kilichokuwa na makao yake York. Wengi hulipita kwa sababu limewekwa kichwa chini miguu juu: inamisha kichwa ndipo ulisome. Fundi aliyelipandisha ama hakujua kusoma, ama hakujali, maana alichohitaji ni jiwe la kujaza nafasi. Kwangu mimi jiwe hilo peke yake linatosha kumlipa mtu nauli yake.

Pale pale angalia pembe za jengo. Mawe ya chini ni makubwa mno, na kadiri ukuta unavyopanda mawe yanapungua ukubwa. Mantiki yake ni rahisi, nani abebe jiwe zito hadi mita 7? Pembe zenyewe zimefungwa kwa mawe marefu ambayo hulazwa kwa zamu, moja likielekea huku na la juu yake kule, ili kuta mbili zishikane. Ndiyo sababu kubwa ya jengo kusimama miaka zaidi ya 1,300.

Upande wa kusini kuna saa ya jua, juu ukutani, si ile iliyo juu ya kibaraza cha mlango. Ya kibarazani ni ya karne nyingi baadaye, na watu huipiga picha wakidhani ndiyo. Ya zamani ina umbo la nusu duara lenye mistari mitatu tu, imezungukwa na nyoka, na juu yake kuna kichwa cha mnyama. Mistari ilikuwa ya saa za sala, haikuhesabu saa zote za mchana. Darubini ndogo inasaidia sana hapa.

Madirisha nayo huwachanganya watu. Yale mapana yanayoingiza mwanga mwingi yaliongezwa baadaye. Ya asili ni madogo na yako juu sana: mawili ya kaskazini yana kichwa bapa, mawili ya kusini kichwa cha mviringo, na jingine liko ukuta wa magharibi. Yamebanwa kwa nje na kupanuka kwa ndani, ili tundu dogo limwage mwanga mpana bila kuingiza upepo wote.

Ukishaingia, simama uitazame tao la kuelekea madhabahuni. Ni refu na jembamba, upana wake ni kama mita 1.6 tu. Miimo yake imepangwa jiwe moja limesimama, linalofuata limelala, tena limesimama, na yale yaliyolala yanapenya unene wote wa ukuta. Mtindo huo una jina la kijiji hiki kwenye vitabu vya usanifu. Tao lenyewe huenda lilihamishwa zima kutoka jengo la Kirumi, na ukilinganisha mawe yake na ya ukutani utaona kwa nini wataalamu wanafikiri hivyo. Chini ya tao kuna mabaki ya rangi ya Zama za Kati. Mwanga wa tochi usikae hapo muda mrefu.

Mwaka 1863 kijiji kilijengewa kanisa jipya, hili likaachwa hadi paa likaharibika, kisha likakarabatiwa kati ya 1875 na 1880. Naamini kuachwa huko ndiko kulikoliokoa, kwa sababu miaka ile mafundi walikuwa wakibomoa na kupanua makanisa ya zamani kila kona ya nchi.

Sahihisho moja: si kweli kwamba hili ndilo kanisa kongwe kuliko yote Uingereza. St Martin's la Canterbury limetumika tangu kabla ya mwaka 597. Sifa ya Escomb ni kubaki karibu zima.

Treni inaishia Bishop Auckland, na kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 2 hadi 3. Ukikuta mlango umefungwa usigeuze. Soma tangazo, kwa kawaida ufunguo hutunzwa jirani, na urudishe pale pale ulipoutoa. Jumapili asubuhi epuka muda wa ibada. Saa moja na nusu inatosha, na dakika 40 za kwanza ziwe za nje.