Waya wa HDMI kwa TV ya 4K: dhahabu ya nini?

Waya huu wa kupeleka picha na sauti kwenye TV nimeuchukua duka moja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: mita 2, shilingi 35,000. Muuzaji alinisukumia wa 80,000 wenye ncha za dhahabu, eti "picha inakolea, bosi." Wapi! Picha ya dijitali ama inafika safi, ama inaleta chenga na kukatika; dhahabu inazuia kutu tu. Soma boksi: Premium High Speed, Gbps 18 (kasi ya kupitisha data), unatosha 4K ya hezi 60 (picha 60 kwa sekunde), yaani king'amuzi na Netflix. Mwenye mashine ya gemu ya PS5 anayetaka hezi 120 atafute Ultra High Speed, Gbps 48, wenye lebo ya kuskani kwa simu. Wangu ni huo wa Premium, mechi ya mpira inaonekana hadi jasho la wachezaji. Ila ncha yake nene mno kwa TV ya ukutani.