Nimetumia Ceph, programu ya kuunganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja, mwaka na nusu kwenye seva tatu za mtumba

Ofisi yetu iko Kurasini, Dar es Salaam, jirani kabisa na bandari, na kazi yetu ni uwakala wa forodha. Kila mzigo una faili lake, na kila faili lina hati zilizoskaniwa: bili ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, risiti za kodi. Hati isipoonekana, mzigo hautoki. Mzigo usipotoka, mteja anaendelea kulipia siku za kukaa bandarini, na atakayempigia simu ni sisi.

Hadi mwanzoni mwa 2024 hati zote zilikaa kwenye kisanduku kimoja cha NAS (hifadhi ya faili inayotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao) chenye diski 4. Nilijipa moyo kwamba diski moja ikifa, 3 zitashika. Siku ya siku haikufa diski, ilikufa bodi. Diski zote 4 nzima, data imo ndani, na hakuna kifaa cha kuisomea. Siku tatu tulifanya kazi kwa kuomba wateja watutumie hati upya kwa WhatsApp. Sitaki kuziona tena siku zile.

Bosi akaniita akaniambia maneno mawili: hela ya kununua vyuma ipo, hela ya leseni za kila mwaka haipo. Nikanunua seva 3 za Dell R730 za mtumba, zinazolingana kila kitu, nikaanza kutafuta programu itakayozifanya zitumie hifadhi moja kwa pamoja.

vSAN ya VMware niliiondoa mapema. Tangu Broadcom iinunue VMware Novemba 2023, leseni za kununua mara moja zimeachwa, sasa ni malipo ya kipindi. GlusterFS nayo niliiacha: Red Hat walisitisha huduma kwa bidhaa yao iliyojengwa juu yake mwishoni mwa 2024, na mimi nilikuwa nataka kitu cha kukaa nacho miaka. Zikabaki tatu za kushindana: ZFS yenye kunakili kwa zamu ndani ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), LINSTOR na DRBD za kampuni ya LINBIT, na Ceph.

Ukiwa na seva 2 tu, chukua ZFS, usihangaike. Proxmox inanakili mabadiliko kutoka mashine moja kwenda nyingine kila baada ya dakika 15, na unaweza kuipunguza hadi dakika 1. Kasoro yake ni kwamba mashine ikifa ghafla, kilichoandikwa tangu zamu ya mwisho kimekwenda. Kwa duka au shule hilo linavumilika. Kwetu, tamko la forodha lililojazwa dakika 10 zilizopita ni pesa ya mtu. DRBD haina tatizo hilo, inaandika pande zote kwa wakati mmoja, nayo imo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux tangu 2010. Ni nyepesi, haili RAM. Seva zangu zingekuwa na RAM ndogo ningekwenda huko bila kusita.

Nilichagua Ceph. Jina lenyewe linatokana na jamii ya pweza na ngisi, na matoleo yake hupewa majina ya wanyama hao; ninalotumia mimi linaitwa Squid, yaani ngisi. Sage Weil aliianza akiwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Kilichonivuta ni namna inavyofanya kazi. Inakata data vipande vipande, kila kipande kinakuwa na nakala 3, kila nakala kwenye seva yake. Hakuna mashine moja iliyoshika daftari la kuonyesha kipi kiko wapi; kila anayetaka kusoma anapiga hesabu mwenyewe na kujua pa kwenda. Kwa mtu aliyezikwa na bodi moja ya NAS, hilo peke yake lilinitosha. Na kwenye Proxmox unaisimamisha kwa kubofya tu, bila malipo. Huduma ya kulipia ipo, lakini si lazima.

Sasa diski, maana hapa ndipo wengi wanaumia na mimi niliumia. Mwanzoni niliweka SSD za kawaida za Kariakoo, zile za kompyuta ya mezani. Wiki ya kwanza tu dada wa uhasibu akaja mezani kwangu: "Kaka, huu mfumo mpya umekuja kutusaidia au kutuchelewesha?" Alikuwa na haki. Kuhifadhi ankara moja kulichukua muda wa kunywa maji.

Nikapima kwa fio, programu ya kupima kasi ya diski: kuandika vipande vya KB 4, kimoja kimoja, kila kimoja kisubiri diski ithibitishe kuwa kimetua. SSD yangu ilitoa maandishi 400 na ushei kwa sekunde. Nikaazima diski moja ya seva, iliyotumika, ya GB 960, nikaipima vilevile: zaidi ya 20,000. Nilizifungua kwa bisibisi nione tofauti. Kwenye diski ya seva kuna safu ya kapasita za njano zimepangwa ukingoni mwa bodi. Umeme ukikatika, zinabaki na chaji ya kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa njiani, kwa hiyo diski inaweza kujibu "tayari" papo hapo. Ile ya kawaida haina, basi ni lazima kila mara isubiri chipu. Ceph haikubali jibu la nusu, inasubiri nayo. Nikauza zile za Kariakoo kwa hasara, nikanunua 12 za seva zilizotumika, 4 kwa kila mashine. Muuzaji mwambie aendeshe smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, mbele yako, uone diski imechakaa asilimia ngapi kabla hujatoa hela.

Mtandao haukunisumbua. Proxmox wanashauri Gb 10 kwa sekunde kwenda juu. Swichi ya kasi hiyo ni ghali, ila kwa seva 3 huihitaji: kila moja niliitia kadi yenye matundu 2, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa kebo 3. Kadi ya RAID, ile inayounganisha diski za seva ziwe kama moja, iweke kwenye hali ya HBA, yaani ipitishe kila diski kama ilivyo; Ceph inataka kuiona diski uso kwa uso.

Hesabu ya nafasi ndiyo sioni ikielezwa vizuri. Diski 12 za GB 960 ni kama TB 11.5, gawanya kwa nakala 3, unabaki na TB 3.8. Lakini usizijaze. Diski moja ikifa, baada ya dakika 10 Ceph inaanza kujenga upya nakala zilizopotea, na kwa kuwa kila seva lazima ishike nakala yake, mzigo wote unaangukia diski 3 zilizobaki kwenye seva ileile. Ikifika 85% inaanza kukuonya, ikifika 95% inakataa kuandika. Kwa hiyo mimi nahesabu TB 2.4 na hapo nasimama. RAM nayo: kila diski inatengewa GB 4, maana yake GB 16 kwa kila seva zimeondoka kabla hujawasha mashine pepe hata moja.

Jumamosi moja jioni, ofisi ikiwa tupu, nilichomoa waya wa umeme wa seva ya pili. Mashine pepe za seva nyingine ziliganda kama sekunde 20, zikaendelea. Zilizokuwa kwenye ile niliyoizima zikawaka kwingine baada ya dakika mbili tatu. Skrini ikaandika HEALTH_WARN kwa rangi ya njano. Niliporudisha umeme, ikanakili yaliyobadilika tu, na kabla sijamaliza chai ikarudi kijani, HEALTH_OK. Nilikaa pale nikiitazama kwa muda.

Lawama zangu ni mbili. Kujifunza kunachukua muda. Usiiwashe kazini kabla hujaivuruga na kuitengeneza mara kadhaa. Na seva 3 ni kiwango cha chini kabisa: moja ikifa, hakuna ya nne ya kujengea nakala ya tatu, unaendelea na 2, na diski moja zaidi ikifa wakati huo, baadhi ya data inasimama hadi uitengeneze. Tena Ceph si bakapu. Ukifuta faili, limefutika kwenye nakala zote 3. Bakapu zetu zinakwenda kila usiku kwenye kompyuta nyingine, jengo jingine.

Seva ya nne nimeshaiombea kwenye bajeti ya mwaka ujao, ya aina ileile. Kwa sasa diski 2 za akiba ziko kwenye droo yangu, zimeshapimwa.