Bogonvilia au masale kwenye mteremko wenye miti?

Juni hadi Agosti, wingu likiukalia mlima siku nzima, mteremko wa nyuma ya nyumba huku Machame, Kilimanjaro, hupooza. Ukiuliza upande nini upate rangi, wengi watakujibu: bogonvilia.

Kuwaka inawaka, ila juani. Ya kwangu niliipanda chini ya migrevilea, miti mirefu ya kivuli. Ikarefuka, ikatoa miiba na majani, maua hakuna. (Hiyo zambarau yenyewe ni majani yaliyogeuka rangi, ua halisi ni kale kadogo keupe katikati.) Kwenye ukingo usio na mti, sawa.

Masale (drasena, mmea wa majani marefu) hayaogopi kivuli. Kata kijiti, kichomeke masika yakianza, kitashika bila kubembelezwa. Ukiyapanga mstari wa kukatisha mteremko, udongo unaoteremka na mvua hunasa kwenye mashina. Mengi ni kijani tu, lakini ipo aina yenye mchirizi wa njano katikati ya jani, na chini ya miti utadhani mtu kawasha taa. Kwa Wachaga hiki pia ni mmea wa mpaka na wa kuombea msamaha, kwa hiyo mjulishe jirani kabla hujachomeka karibu na kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo.

Mimi bogonvilia nimeihamishia getini.