Njia za miguu za Pays d'Auge, Normandie: uzoefu wangu

Nawaandikia watu wa aina moja tu: wanaopenda kutembea lakini hawana hamu na mlima. Pays d'Auge iko Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, mashariki ya jiji la Caen, na vilima vyake unavipanda huku maongezi yanaendelea. Nimezitembea njia zake msimu wa maua na msimu wa mavuno, safari nyingine nikiwa na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lushoto na ambaye miaka sitini ameshaipita. Nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imezama kwenye tope, nitafika huko.

Pa kuanzia ni Beuvron-en-Auge. Ni kijiji kidogo cha watu kama mia mbili, kimo kwenye orodha rasmi ya vijiji vizuri zaidi vya Ufaransa, na kwa sababu hiyo Jumapili za kiangazi uwanja wake hujaa watalii na aiskrimu. Usikate tamaa. Ukitembea dakika kumi tu kutoka uwanjani, unabaki na ng'ombe. Nyumba zake ni fremu za mbao nzito zilizojazwa udongo na majani makavu. Mama alizitazama, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Mwanangu, hizi si nyumba za kukandika kama zetu?" Ndizo, ila hizi zimesimama karne kadhaa na bei yake huiwezi.

Kutoka hapo kuna mzunguko unaopanda hadi kikanisa cha kale cha Mtakatifu Mikaeli, Clermont-en-Auge. Kwa mwendo wetu ulichukua saa mbili na ushee, vituo vya kupumua vikiwemo. Unapita kando ya mashamba ya matufaha, unaingia kwenye vijia vilivyozama kati ya kingo mbili za udongo, miti ya mpakani ikikufunika juu, halafu ghafla unatokea kileleni na bonde la mto Dives liko chini yako lote. Pale juu kuna nyasi za kukaa. Beba chakula, kwa maana hakuna duka.

Sasa haya matufaha. Wengi wakisikia shamba la matunda wanafikiria mistari iliyonyooka na miti mifupi iliyofungwa kwenye waya. Mashamba hayo ya kisasa yapo, lakini yale ya zamani ni kitu kingine: miti mirefu, imepandwa kwa nafasi kubwa, na chini yake wanalisha ng'ombe wa aina ya Normande, wale wenye mabaka ya kahawia kuzunguka macho utadhani wamevaa miwani. Shamba moja linatoa maziwa na matunda. Maziwa ndiyo yanayotengeneza jibini za Livarot, Pont-l'Évêque na Camembert, na majina yote matatu ni ya vijiji au miji ya eneo hili hili. Majira ya baridi, majani yakishapukutika, utaona mafungu ya kijani ya mviringo yamening'inia kwenye matawi. Huo ni mmea unaonyonya mti wa mwenzake, na kwenye miti ya zamani umejaa tele.

Mama anatoka kwenye milima ya Usambara, yanakokua matufaha, mapeasi na plamu, kwa hiyo huwezi kumdanganya kuhusu matunda. Mwezi wa Oktoba alipoona marundo ya matufaha yamelala kwenye nyasi alikasirika kweli. "Watu gani hawa wanaacha chakula kioze?" Ikabidi nimweleze: haya si ya kula. Ni madogo, mengi yana uchungu unaokausha ulimi, na yanakusudiwa kukamuliwa ili yatoke cidre, pombe nyepesi ya matufaha. Mkulima huchanganya aina nyingi, chungu kwa ajili ya ukali, tamu kwa ajili ya sukari, chachu kwa ajili ya wepesi mdomoni. Huachwa yaive hadi yadondoke yenyewe, ndipo yaokotwe chini, kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Desemba kutegemea aina. Ng'ombe huondolewa shambani kabla ya mavuno. Na tunda likiwa chini bado ni la mwenye shamba, kwa hiyo msijaze mikoba.

Ukitaka kuonja, nenda upande wa Cambremer. Kuna barabara ya mzunguko ya kilomita 40 hivi inayoitwa Route du Cidre, na mashamba yanayokaribisha wageni yameweka kibao cha Cru de Cambremer mlangoni. Cidre ya Pays d'Auge ina hadhi ya kulindwa kisheria tangu 1996. Calvados, ile kali inayotokana na kuikeneka cidre, ya eneo hili imelindwa tangu 1942. Hukenekwa mara mbili na haiuzwi kabla haijakaa kwenye mapipa ya mbao angalau miaka miwili. Ndugu zangu msiotumia kileo msipite mbali. Mashamba mengi yanauza pia maji ya matufaha yasiyochachushwa, na kwa maoni yangu ndiyo bidhaa bora kuliko zote zilizoko mezani.

Misitu yenyewe sina mengi ya kusema. Ni midogo, ya mialoni na miti mingine ya nchi za baridi, unaingia na kutoka kabla hujazoea kivuli. Kupe wapo. Vaa suruali ndefu, ukirudi kagua nyuma ya magoti na kwapani.

Alama za njia ndizo zilizonivutia mno. Hakuna haja ya kiongozi. Mstari wa njano uliopakwa kwenye mti, nguzo au ukuta ni wa matembezi mafupi. Njano na nyekundu ni mizunguko ya eneo zima. Nyeupe na nyekundu ni zile njia ndefu zinazoitwa GR, ambazo mpango wake ulianza 1947. Mistari miwili iliyolala sambamba maana yake endelea mbele. Ukiona alama ya msalaba, rudi ulikotoka. Wanaopaka rangi hiyo wengi ni watu wa kujitolea wa shirikisho la matembezi la Ufaransa, na kutembea ni bure kabisa. Hata hivyo pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, mabondeni mtandao unakatika, au nunua ramani ya karatasi ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, ile yenye jalada la buluu.

Nakuja kwenye tope. Katika vipeperushi vingi njia hupangwa kwa rangi: kijani rahisi sana, buluu rahisi, nyekundu wastani, nyeusi ngumu. Kipimo kikubwa kinachotumika ni muda. Njia ya saa mbili na nusu isiyo na mwinuko mkali itaitwa rahisi mwaka mzima, hata mwezi wa Februari, wakati udongo wa huku ni wa mfinyanzi na vile vijia vilivyozama vimegeuka mifereji. Siku moja nilimkuta baba mmoja na wanawe wawili, wote na raba nyeupe, wamesimama katikati ya kijia hawawezi kwenda wala kurudi. Kipeperushi chao kiliandika rahisi, na hakikudanganya kuhusu umbali. Ningependa mtu aongeze mstari mmoja tu chini ya kila njia: mvua ikinyesha, vaa gambuti. Kati ya Novemba na Machi mimi hata siendi.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa miezi hiyo, nayo ni uwindaji, unaoanza Septemba na kumalizika karibu na mwisho wa Februari. Ukikuta kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, geuza, usijadiliane. Vaa kitu cha rangi kali, hasa Jumapili. Muda mzuri kabisa ni mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, matufaha yakichanua. Wa pili ni Oktoba, kwa tahadhari hiyo niliyoitaja.

Usafiri ndio mtihani mwingine. Treni kutoka Paris, kituo cha Saint-Lazare, inakufikisha Lisieux kwa muda usiofika saa mbili. Wakatoliki wengi wa kwetu wanalijua jina la mji huo: ndiko alikoishi na kufariki mwaka 1897 Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, na basilika lake liko juu ya kilima, unaliona ukiwa bado kwenye treni. Mama alikataa kwenda matufahani kabla hajasali pale. Baada ya Lisieux utahitaji gari, kwa kuwa mabasi ya vijijini ni machache na hayapangwi kwa ajili ya watembezi.

Swali ninaloulizwa na Waswahili wenzangu wa huku ni kama watu weusi hukodolewa macho vijijini. Hutazamwa, ndiyo. Wahi kusema bonjour kabla ya wao, na uiseme kwa kila unayepishana naye, hata aliye juu ya trekta. Sisi kwa salamu hatushindwi. Mzee mmoja mwenye shamba alitufungulia geti, akatuonyesha njia kavu ya kuzunguka dimbwi, na mama akamshukuru kwa Kisambaa.

Kigari cha mtoto hakipiti Clermont, mbebe mgongoni. Mgahawa vijijini, ukichelewa kupita saa nane mchana, jiko limefungwa, na Jumatatu au Jumanne usishangae kukuta mlango wenyewe umefungwa. Mama kwa upande wake ametoa nyota tatu. Moja ameikata kwa ajili ya tope na nyingine kwa sababu, njia nzima, hakuna mtu aliyekuwa anauza chai.