Kipimo cha EC cha kalamu, nimekaa nacho toka mwezi wa kumi

Nilikinunua elfu 55 kwenye duka la pembejeo pale Mwanjelwa, Mbeya, kile kidogo cha mfukoni cha kuchovya kwenye maji kuona chumvi za mbolea zimejaa kiasi gani (EC ni jinsi maji yanavyopitisha umeme, chumvi zikizidi inapanda), na nasema kabisa kama unalima nyanya za haidroponiki (bila udongo) kwenye kitalu nyumba na huna kipimo cha EC basi kanunue kesho.

Kabla yake nilikuwa nachanganya mbolea kwa vifuniko na kukadiria, mikungu ya kwanza yote ikaoza kitako, nikajua ni ugonjwa nikapiga dawa wiki mbili bure. Kumbe kalsiamu ilikuwepo ya kutosha ila maji yalikuwa na chumvi nyingi mizizi ikashindwa kuyavuta, na kalsiamu inasafiri na maji, tunda ndo linakosa. Siku ya kwanza na kipimo nilikinga maji yanayotoka chini ya mfuko wa kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa, ndo mmea unakaa humo): yanaingia EC 2.6 yanatoka 4.3! Nikapitisha maji mepesi ya 1.5 siku mbili mpaka ya chini yakashuka 3, matunda yaliyofuata yakatoka safi kitako chote.

Sasa naenda hivi, miche ikishashika naweka 1.8, ikianza maua 2.3 hivi, matunda yakijaa 2.8 mpaka 3, jua likiwa kali kama mwezi wa kumi na moja nashusha kidogo maana mmea unakunywa maji mengi kuliko mbolea.

Kasoro zipo. Kikiwa kwenye ppm (namba ileile ya chumvi kwa kipimo kingine) hakikwambii kinatumia skeli gani, na zipo mbili, maji ya EC 2 skeli ya 500 inasoma 1000, ya 700 inasoma 1400 (unazidisha EC kwa 500 au 700), yule kaka wa dukani aliniambia "weka 1400 tu" bila kuuliza changu kipi, kama ni ya 500 basi ungekuwa umeweka 2.8 kwa miche michanga. Mi nimebonyeza kikae kwenye mS, yaani EC yenyewe, na sikigusi tena.

Halafu baridi ya huku Uyole jamani. Mwezi wa saba asubuhi maji ya tenki yanafika nyuzi 12, na EC inashuka kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja chini ya 25, kwahiyo bila kurekebisha joto unasoma pungufu karibu robo nzima, unaongeza mbolea, mchana unaunguza mizizi. Hiki kinarekebisha chenyewe lakini taratibu, ukichovya na kusoma hapohapo umeumia, kiache dakika mbili unakizungusha polepole mpaka namba itulie.

Namba zake zinahama pia, baada ya mwezi kwenye maji ya kupimia ya 1.413 (yale ya EC inayojulikana, ya kukagulia kipimo) kilisoma 1.6, nikakirudisha kwa kile kitufe cha nyuma. Pakiti ya hayo maji wanakupa moja tu na ukishaifungua haikai, nikishuka mjini Jumamosi nachukua tatu.