Tamasha la filamu la Dharamshala: uzoefu wangu kutoka Mombasa hadi milima ya Himachal

Kwa watu wengi wa Mombasa, ukitaja tamasha la filamu unataja Zanzibar. Unavuka, jioni unaingia Ngome Kongwe, unatafuta nafasi kwenye ngazi za mawe, na filamu zinaendelea hadi usiku wa manane. ZIFF, yaani tamasha hilo la Zanzibar, nimeihudhuria na bado naipenda. Lakini tangu nirudi kutoka India watu wananiuliza swali lile lile: kweli inafaa mtu wa pwani kufunga safari yote ile kwenda kutazama filamu mlimani, kwenye baridi? Inafaa, na kwa wapenzi wa filamu naipendekeza kwa moyo wote. Ila si ya kila mtu, na hilo nitalifikia.

Tamasha lenyewe ni Dharamshala International Film Festival, wenyewe wanaliita DIFF. Lilianzishwa mwaka 2012 na Ritu Sarin na Tenzing Sonam, mke na mume, wote waongozaji filamu. Huchukua siku nne, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Huonyesha filamu huru za India na za nchi nyingine: ndefu, fupi, za hali halisi, na za watoto pia. Hakuna mashindano. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza sikulitilia maanani, lakini nilipofika niliona ndilo linalolifanya tamasha liwe lilivyo. Hakuna tuzo, kwa hiyo hakuna anayekimbizwa na kamera, hakuna kundi la wakubwa waliotengewa viti vya mbele, na mazungumzo ya chai hayahusu nani atashinda. Watu wanazungumzia filamu waliyotoka kuitazama. Mwongozaji unayemwona jukwaani saa nne, saa sita mko naye kwenye foleni ya chakula, kila mmoja na sahani yake.

Mahali penyewe ni sehemu ya juu ya Dharamshala, mji wa jimbo la Himachal Pradesh kaskazini mwa India, karibu na kitongoji cha McLeod Ganj, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, anaishi McLeod Ganj tangu 1960, na Watibeti waliokimbia kwao wamejenga mji wao humo: mahekalu, shule, hoteli, maduka ya sufu. Miaka ya karibuni tamasha limefanyika kwenye Tibetan Children's Village, shule iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1960 kwa ajili ya watoto wakimbizi. Filamu zinaonyeshwa kwenye kumbi za shule, na nje wanasimamisha sinema ya kuhamishika, hema kubwa la kujazwa hewa. Ndani kuna viti, skrini na spika za kutosha kabisa. Ukishakaa unasahau kwamba kuta zinashikiliwa na upepo. Ukitoka unakutana na safu ya milima ya Dhauladhar imesimama mbele yako, vilele vyake vyeupe. Sisi tuliozoea upeo wa macho ulionyooka tunahitaji muda kuzoea ardhi iliyopanda juu namna ile.

Filamu iliyonikaa moyoni ilihusu wavuvi wa kusini mwa India. Nilipanda mlima wote ule nikaenda kuonyeshwa bahari! Kulikuwa na mzee anatengeneza wavu: kidole gumba kinabana fundo, sindano inapita, uzi unavutwa kwa meno, fundo jingine. Kamera haikuondoka mikononi mwake kwa muda mrefu, na hakuna muziki uliowekwa juu. Wazee wa Mtongwe, kwetu Mombasa, hufanya vivyo hivyo, hadi ule mtindo wa kuning'iniza wavu kwenye kidole cha mguu. Taa zilipowashwa, mwongozaji aliketi tu ukingoni mwa jukwaa. Wa kwanza kuuliza alikuwa bibi wa Kitibeti mwenye tasbihi mkononi, akauliza kwa Kihindi kama yule kijana wa kwenye filamu aliyeondoka kwenda mjini alirudi nyumbani. Waliokulia Mombasa enzi za sinema ya Regal wana Kihindi cha sinema cha kutosha kumwelewa. Mwongozaji akamjibu kwa heshima, kwa kirefu, kama anayemjibu mama yake mzazi. Mimi niliuliza habari ya sauti, maana mawimbi yalisikika safi mno, na kila aliyewahi kurekodi ufukweni anajua upepo unavyoharibu kazi. Akaniambia sauti ile aliirudia usiku, siku nyingine, wakati maboti yenye injini yamelala, akaja kuiweka kwenye picha baadaye. Tuliendelea na mazungumzo hayo nje hadi vikombe vikaisha moto.

Hicho ndicho nilichokifuata, na sijakipata namna hiyo kwenye tamasha kubwa.

Sasa baridi. Jua la mchana ni zuri, unavua hata koti, lakini likishazama tu hali inabadilika. Usiku nyuzi hushuka chini ya 10, na kumbi za shule zina sakafu ya kukalisha miguu ganzi. Kule juu sweta moja la Mombasa halifui dafu. Vaa nguo kwa tabaka, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio. Shali nzito unaweza kuinunua McLeod Ganj kwa Watibeti au kwa Wakashmiri, na bei inazungumzika.

Chakula hakikunisumbua. Momo, madonge ya unga yaliyojazwa nyama au mboga, ziko kila kona, thukpa ya moto, supu yao ya tambi, inafaa sana baada ya filamu ya usiku, na mkate wa tingmo ukichovya mchuzi utaukumbuka. Ndugu zangu Waislamu waulize kabla ya kuagiza nyama, kwa sababu nguruwe hupikwa kwenye baadhi ya hoteli za Kitibeti. Momo za mboga zinapatikana kote. Wahindi wanalipa kwa simu hadi kwa muuza karanga, kama sisi na M-Pesa, lakini mgeni asiye na benki ya kule atembee na pesa taslimu.

Safari ndiyo sehemu ngumu. Kutoka Mombasa unaweza kupitia Addis Ababa hadi Delhi bila kugusa Nairobi. Kutoka Delhi watu wengi hupanda basi la usiku, linaondokea upande wa Majnu ka Tilla, safari ya muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, na mwisho wake ni kona za mlimani zinazopinda bila huruma. Basi tulilopanda liliondoka limechelewa sana na blanketi tulizoahidiwa hatukuziona. Mwenye uwezo apande ndege ndogo hadi uwanja wa Gaggal, halafu teksi. Mwenye tumbo jepesi asile kitu kizito jioni ya safari.

Nililinganisha na matamasha mengine ya milimani kabla ya kuamua. Telluride, Colorado, limekuwapo tangu 1974, na lina utamaduni wa kuficha orodha ya filamu hadi karibu na siku ya kufungua. Navutiwa nalo, lakini gharama za mji ule ni za matajiri. Sundance lilijijengea jina Park City, Utah, na kuanzia 2027 linahamia Boulder. Banff, Kanada, wana tamasha la filamu za milima tangu 1976 na jingine la televisheni tangu 1979, ila hilo la televisheni ni la wenye biashara hiyo, wanaouza na kununua vipindi. Mtazamaji wa kawaida hana kazi nalo. Kwa mfuko wa kawaida wa Mkenya, Dharamshala liko peke yake. Pasi ya siku zote niliipata kwa pesa ndogo kuliko tikiti ya ndege ya Mombasa kwenda Nairobi, na gesti za bei nafuu ni nyingi.

Nani asiende? Anayetaka kuona mastaa na zulia jekundu. Mwenye magoti mabovu pia afikirie, kwa sababu ni ngazi na miinuko kila mahali, na teksi hazifiki kila mlango. Filamu nyingi zina maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, kwa hiyo lugha si kikwazo. Udhaifu wa tamasha lenyewe ni mmoja: kumbi ni ndogo. Filamu zinazongojewa hujaa mapema, na ratiba inagongana kiasi kwamba utaumia kuchagua. Mimi ningefurahi wakirudia baadhi ya filamu asubuhi ya siku ya mwisho.

Ukiamua kwenda, fuatilia usajili kwenye tovuti yao miezi kadhaa kabla, ushike chumba mapema, kisha uombe viza ya India mtandaoni. Na usiisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya huulizwa kadi hiyo akifika India, asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10 tangu kuchomwa sindano.