Kitalu nyumba changu cha Kabale, kipupwe cha kwanza

Mimi mtu wa Tanga, na Kabale, huku kusini magharibi mwa Uganda, ndiyo iliyonifundisha kulala na soksi. Tuko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua za masika zikishakata, Juni na Julai usiku huwa hauna wingu na baridi inashuka kwelikweli. Nyanya zangu za uani zilikuwa zikidumaa kila mwaka, ndipo nikanunua kitalu nyumba cha kuunga mwenyewe, mita 3 kwa 6: mabomba ya chuma, nailoni ya kuhimili jua (hapa wanaita kaveera), vibano vya plastiki na mlango wa zipu. Shilingi za Uganda milioni 2 na laki 4, mpaka stendi ya basi.

Kukiunga kulichukua siku mbili, mimi na jirani yangu, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili chake ni cha kambini, amri tupu. "Mwalimu, shika bomba! Usilegeze!" Kijitabu cha maelekezo kiliandikiwa watu wa Ulaya; kina ukurasa mzima wa kukung'uta theluji paani. Tulicheka sana.

Kisha nikatundika vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Saa nane mchana, ndani nyuzi 38. Nikajisifu. Saa kumi na mbili alfajiri, nje 9, ndani 10. Nyuzi moja tu! Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba ndani kuna joto usiku na mchana. Kumbe kaveera moja hulinasa joto la jua vizuri, lakini giza likiingia hulipitisha likaenda zake. Na unyevu ndio uliniumiza zaidi: ukifungua zipu asubuhi, matone yanakudondokea shingoni, na majani ya chini yalikwisha kuota ukungu wa kijivu.

Nikafikiria kuweka jiko la makaa usiku. Afande akanitazama. "Mwalimu, unataka kupika nyanya kabla hujachuma?" Alikuwa na haki, moshi wa makaa ndani ya nailoni iliyofungwa ni hatari kwa mtu atakayeingia, na mimea yenyewe haiupendi.

Kilichosaidia ni mapipa. Nilipata manne ya lita 200, nikayapaka rangi nyeusi na kuyajaza maji. Mchana yanakunywa jua, usiku yanalirudisha polepole. Kijitabu kilisema yapangwe ukuta wa kaskazini, nami nikatii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Wiki nzima mstari wa nyuma ulikaa kivulini. Ndipo nilipotoka nje mchana nikaangalia kivuli changu mwenyewe: kilielekea kusini. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta, na mwezi Juni jua letu liko upande wa kaskazini, si kusini kama kwa wale watu wa Ulaya! Nikayamwaga maji, tukayahamishia kusini, tukajaza tena. Utani wa theluji ulitutoka.

Baada ya hapo niliongeza pazia la kaveera ya pili kwa ndani, nalivuta jioni kabla jua halijazama, na nikafukia kingo za chini kwa udongo maana upepo ulikuwa unapita humo kama mwenye nyumba. Kumwagilia nimehamishia asubuhi, na ikifika saa tatu nafungua madirisha ya pembeni hata kama bado kuna ubaridi, jasho la usiku litoke. Majani yenye ukungu niliyakata nikayachoma. Siku hizi alfajiri nje ikiwa 9, ndani nasoma 12 au 13. Si joto la Tanga, lakini nyanya zimeanza kushika matunda.

Kuhusu bidhaa yenyewe: kaveera ni nzuri, haijachanika hata kidogo. Mabomba ni membamba kupita kiasi. Upepo mmoja wa Julai ulipinda mawili, nikayaegemeza kwa nguzo za mkaratusi. Vibano sita vimevunjika. Ningerudi dukani leo ningenunua kaveera peke yake, na fremu ningeijenga kwa mikaratusi, ambayo hapa imejaa tele. Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za kaveera.

Zipu ya mlango ilikwama mwezi wa pili wa kuitumia. Nafunga kwa vibanio vya nguo.